Montenegro Ilivyofika Katelembo

Mzee Makau alizikwa mara moja kama watu wote, lakini aliombewa mahali pasipofaa. Jeneza lake lilifika kwenye Kanisa la Nuru ya Injili, Katelembo, likakuta mlango una kufuli mbili. Moja ilikuwa ya upande wa Pasta Ndunda, ya pili ya upande wa Mzee Laban Musili, na kila upande ulikuwa tayari kufungua yake ikiwa mwenzake angetangulia. Hakuna aliyetangulia. Jua lilipozidi kuwa kali, jeneza likawekwa juu ya viti kando ya barabara, karibu na kituo cha bodaboda, na marehemu akaombewa pale. Vijana wa boda walizima injini kwa heshima. Baadaye waliziwasha tena, maana abiria nao wana haraka zao.

Bi Wanza aliyatazama hayo yote akiwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, miguu imevimba, mkongojo magotini. Alikuwa amemzidi marehemu umri. Aliporudishwa nyumbani alimwita binti yake, Mutindi, akamwambia akae chini.

"Mimi kufa siogopi," alisema. "Naogopa barabara. Ile kanisa nilibeba mawe yake kwa mgongo, nikiwa na mimba yako. Nataka niingizwe ndani, niombewe mara moja, na watu wote, wa asubuhi na wa mchana. Umesikia?"

"Mwaitu, bado hufi."

"Sijasema leo. Lakini kufa si kama kwa fundi, ati mtu aambiwe akuje Ijumaa na Ijumaa akute hata mikono haijashonwa."

Mutindi hakujibu, kwa sababu yeye alikuwa fundi, na ilikuwa Ijumaa.

Hiyo ndiyo kazi aliyopewa: kuhakikisha kwamba siku mama yake atakapofariki, kufuli zote mbili zitafunguliwa. Ilikuwa imemshinda Chifu. Ilikuwa imemshinda mzee wa mtaa. Chifu hasa alikuwa amewaambia kwamba fahali wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi, na alikuwa ameyasema hayo kwenye mikutano mingi kiasi kwamba hata nyasi zilikuwa zimechoka kusikia.

Ugomvi wenyewe ulikuwa rahisi kuuelewa na mgumu kuumaliza. Kanisa lilikuwa na shamba dogo mbele, lililotazama barabara. Zamani halikuwa na faida ila kwa mbuzi. Kisha watu wa Nairobi wakaanza kununua ardhi kuja huku, na kila mwenye futi chache za barabarani akajikuta ni tajiri bila kutoa jasho. Pasta Ndunda alisema shamba na jengo ni mali ya makao makuu, na yeye ndiye aliyetumwa na makao makuu. Mzee Laban alisema ni mali ya waliobeba mawe. Wote wawili waliendelea kuyaandikia makao makuu kwamba kanisa lina amani. Pasta aliogopa kuhamishwa, na Laban aliogopa makao makuu yangekuja na mawakili yachukue shamba kabisa. Kwa hiyo, ilipofika Machi, wakagawana Jumapili: upande wa Pasta waliabudu asubuhi, wakafunga, upande wa Laban wakaja kabla ya saa sita, wakafungua, wakaimba nyimbo zile zile kwa Mungu yule yule, wakafunga.

Katikati ya hayo Mutindi alikuwa mtu wa pekee ambaye hakuwa na upande. Hakuwa ametafuta cheo hicho. Kazi ndiyo iliyomsukumia. Kibanda chake sokoni kilishona sare za akina mama wa makanisa yote yanayojulikana na mengine yanayojulikana na Mungu peke yake. Wakatoliki walileta vitenge vyenye picha ya Bikira Maria, na sharti lao lilikuwa moja: mshono usipite usoni mwake. Jeshi la Wokovu walitaka mabega yaliyonyooka. Wasabato walitaka nguo iwe tayari Ijumaa kabla jua halijatua, na Wapentekoste walitaka kwapa pana kwa sababu mikono yao haishuki. Alikuwa amejifunza ushonaji kwenye kiwanda cha nguo Athi River, ambako kwa miaka mingi alishona mfuko wa kushoto wa suruali, wa kushoto tu, mpaka siku moja akasimama akaenda zake. Aliolewa Kangundo, ndoa nayo ikawa kama ile suruali, akabaki na upande mmoja. Akarudi kwa mama yake na cherehani moja. Tangu hapo alikuwa amechoka, si kwa ugonjwa wala kwa huzuni. Ni uchovu wa mtu ambaye kila anayemkuta amesimama humpa kitu amshikie.

Sasa, Kanisa la Nuru ya Injili lina desturi moja. Kila Januari majina ya nchi za dunia huandikwa kwenye vikaratasi, yakatiwa kwenye sufuria, na kila kikundi cha akina mama kikachota nchi yake. Mwaka mzima huiombea. Mwezi wa Novemba, Siku ya Mataifa, kikundi husimama mbele kimevaa mavazi ya nchi hiyo, na mmoja wao husema jinsi watu wa huko wanavyoabudu. Mwaka uliopita kikundi cha Mutindi kilipata Brazil, wakavaa manjano wakacheza, kila mtu akafurahi. Mwaka huo, kabla ugomvi haujaiva, mwenyekiti wao Peris alitia mkono kwenye sufuria akatoka na karatasi, akaisoma, akaigeuza kuona kama nyuma kuna maelezo.

"Montenegro," alisema. Peris ana duka la dawa za mifugo. "Hii ni nchi ama ni dawa ya kupe?"

Wakacheka. Ombi lao la kwanza lilikuwa kwamba Bwana aijue Montenegro, kwa sababu wao hawakuijua.

Oktoba ilipofika, Peris alimwachia Mutindi mzigo wote: nguo na maneno. "Wewe uko na simu nzuri," alisema, "na huna mume wa kukuuliza unasoma nini." Mutindi akanunua bando, akakaa kibandani mvua ikipiga bati, akasoma.

Alikuta ni nchi ndogo, watu wake hata hawafiki nusu ya watu wa kaunti yetu ya Machakos, ina milima mingi na bahari kidogo. Ukiwapanga watu wake kumi kumi, karibu saba ni Wakristo wa Kiorthodoksi, wawili ni Waislamu, Wakatoliki ni wachache, wengi wao kando ya bahari, na wanaobaki ni watu ambao wakiulizwa dini hunyamaza au husema hawana. Mutindi aliona hesabu hiyo haina neno. Katelembo kwenyewe, ungewapanga hivyo, ungepata mchanganyiko wako, pamoja na wa kunyamaza.

Kisha akaendelea kusoma. Wale Waorthodoksi, walio wengi, wenye picha takatifu zile zile na sala zile zile na mapadri wa ndevu zile zile, walikuwa pande mbili. Kanisa kubwa liliwatambua wakuu walio katika nchi jirani, Serbia. Kanisa dogo lilisema sisi ni taifa, basi kanisa liwe letu. Nyumba za kale za ibada huko milimani, kila upande ulisema ni zake. Wakati fulani ilitungwa sheria juu ya mali hizo, na watu wakajaa barabarani na picha takatifu mikononi.

Mutindi aliweka simu juu ya cherehani.

"Asi," alisema peke yake. "Hata hao?"

Hakucheka wala hakusikitika. Waliosoma sana wana maneno marefu kwa hisia hiyo; Mutindi aliiona tu kama uchovu wake umepata ndugu ng'ambo. Akachukua kalamu akayaandika yote kama alivyoyakuta, bila kuongeza wala kupunguza, kwa sababu kiwandani alifundishwa kwamba mfuko ukipunguzwa hata kidogo, suruali nzima inarudishwa.

Hapo ndipo alipokosea, na ni kosa ambalo mgeni asingeliona. Huku kwetu hakuna mtu anayesimulia habari za mbali kwa ajili ya mbali. Mtu akitaka kumsema jirani yake, huanza na, "Kulikuwa na mama mmoja Kitui." Wasikilizaji wote hujua kwamba huyo mama hana Kitui yoyote, yuko hapa hapa, amekaa benchi la tatu. Kadiri mji unavyotajwa kuwa mbali, ndivyo tusi linavyokaribia. Sasa mtu akivuka Kitui, akavuka bahari, akaenda mpaka Montenegro, basi alilonalo moyoni ni zito sana.

Siku ya Mataifa ilifika, na pamoja nayo Mwangalizi wa kanisa kutoka makao makuu, mzee mnene mpole asiyejua lolote. Kwa ajili yake kufuli zote mbili zilifunguliwa. Watu wa asubuhi na watu wa mchana waliingia pamoja kwa mara ya kwanza tangu Machi, wakakanyagana, kwa maana kila benchi sasa lilikuwa na wenyewe wawili. Pasta Ndunda na Mzee Laban walikaa kulia na kushoto kwa mgeni, wakitabasamu kila mmoja upande wake.

Wa kwanza walikuwa kikundi cha Ufilipino, wakapigiwa makofi. Ndipo kikundi cha Peris kikasimama, wamevaa blauzi nyeupe na vizibao vyekundu vyenye nakshi ya dhahabu, kazi ya Mutindi, na watu wakasema wamependeza. Mutindi akafungua karatasi yake.

Alianza na milima. Hakuna shida. Akasema saba katika kumi, wawili katika kumi; watu wakaitikia kwa vichwa. Akawataja Wakatoliki wa kando ya bahari.

"Lakini hawa wengi," akasoma, "ingawa ni wa imani moja, wamegawanyika. Wanagombania nyumba za Mungu. Wengine wanasema ni za wakubwa walio mbali. Wengine wanasema ni za wazee waliozijenga. Wanasali sala moja, lakini hawawezi kukaa pamoja."

Mama mmoja aliyekuwa akijipepea na kitabu cha nyimbo aliacha. Peris, aliyesimama nyuma yake, alimvuta sketi. Mutindi alidhani ni uzi umetoka. Akarekebisha sketi, akaendelea.

"Wamefikishana mpaka serikalini. Tuwaombee, kwa sababu jengo halina kosa, na wanaoumia ni waumini wadogo."

Alipoketi hakuna aliyepiga makofi, isipokuwa Mwangalizi. Mzee yule alikuwa ameguswa kweli kweli. Alisimama, akafumba macho, akaiombea Montenegro kwa sauti ya kutikisa bati. "Ee Bwana! Waaibishe wote wanaowafungia watu wako mlango! Wanaofanya nyumba yako kuwa shamba la biashara, Bwana, wafichue!" Amina zilizoitikiwa zilikuwa chache na hazikuwa na nguvu. Kisha akala kuku, akasifu pilau, akaingia kwenye gari akarudi Nairobi bila kushuku lolote. Kwa mtu mpole kama yule, yawezekana mpaka leo bado anaiombea.

Nje, chini ya ukuta, Peris hakuwa na upole huo.

"Kumbe wewe Mutindi ni nyoka hivyo? Unanivalisha kizibao unisimamishe hapo mbele, nikusindikize kutukana watu?"

"Nimetukana nani? Nimesoma habari ya ile nchi. Ni wewe uliichota."

"Mkono ulikuwa wangu. Maneno ni yako."

"Peris, hiyo nchi iko."

"Iko wapi? Nani amewahi kwenda? Brazil tunajua, wanacheza mpira. Hiyo yako inafanya nini?"

"Pia inacheza mpira," sauti ilisema kutoka mlangoni. Ilikuwa ya Maundu, mtu wa kukaa benchi la nyuma. Kanisa hilo likimpata mtu na kosa humweka benchi la nyuma, karibu na mlango. Haombi kwa sauti, hasimami mbele, hafiki meza ya Bwana, mpaka wazee waliomweka wamtoe. Maundu aliwekwa huko kwa sababu ya kubeti. "Mimi niliwawekea washinde," akasema kwa uchungu, "wakafungwa dakika za mwisho. Iko sana hiyo nchi."

"Wewe nyamaza," Peris alimwambia. "Bado uko nyuma, na sasa umejiongezea."

Maundu akarudi ndani. Hivyo Montenegro ikampoteza shahidi wake wa pekee.

Wiki ile kibanda cha Mutindi kilitembelewa kuliko kawaida. Walikuja mama wa asubuhi kuchukua vitambaa vyao, vingine vimeshakatwa. Walikuja mama wa mchana kuchukua vyao. Kila upande uliamini amenunuliwa na upande ule mwingine, na kila upande uliamini kwamba Mwangalizi aliambiwa kila kitu kabla hajafika, kama si hivyo angeombaje maneno yale? Hawakumtukana, walimwambia tu, wakikunja vitambaa, kwamba kuhusu mambo ya mama yake wakati ukifika, asiwategemee. Watu wa kwetu hawapigi kelele wakitaka kukuumiza.

Na wakati ulikuwa unakaribia. Uvimbe wa Bi Wanza ulikuwa umepanda kutoka miguuni mpaka mapajani, na alikuwa anakunywa uji kwa kijiko, robo kikombe kwa siku.

"Wanasema umeenda kuwasema kwa kanisa," alimwambia binti yake.

"Sikuwasema, mwaitu. Nilisoma."

"Ulisoma nini?"

Mutindi akamweleza: saba, wawili, wachache wa bahari, na ule ugomvi. Bi Wanza alisikiliza macho yamefumbwa.

"Na hao wa huko," aliuliza mwishowe, "wakifa, wanaombewa wapi?"

"Sijui. Sikufika hapo."

"Hapo ndipo ungeanzia," alisema Bi Wanza, akageukia ukuta.

Kisha Mutindi akaitwa na wazee. Alipoingia ofisi ya kanisa alidhani amekosea mlango. Pasta Ndunda na Mzee Laban walikuwa wamekaa meza moja, na wazee wa pande zote mbili wamewazunguka. Laban alikuwa akimimina chai.

"Pasta, sukari?"

"Kidogo tu, mzee. Asante."

Watu hao walikuwa hawajasalimiana tangu Machi. Yaliyomshinda Chifu na methali yake, yaliyomshinda mzee wa mtaa, nchi moja ndogo ilikuwa imeyaweza.

"Keti, dada Mutindi," Pasta alisema. "Tuambie bila kuzunguka. Nani alikutuma?"

"Hakuna aliyenituma. Tulichota nchi kwa sufuria. Ni nchi, iko."

"Mimi nimesoma chuo cha Biblia," Pasta alisema taratibu. "Makedonia naijua, Mtume Paulo alifika. Iliriko imetajwa. Hiyo yako sijaiona popote."

"Kweli kabisa," Laban alidakia. "Na mimi nimefanya posta mpaka nikastaafu. Barua za kwenda Uingereza nimeona, za Marekani nimeona, hata za Urusi. Ya kwenda huko sijawahi kuona hata moja."

"Unaona?" Pasta alisema, akimtazama Laban kwa shukrani. "Mzee anasema ukweli."

"Pasta ndiye ameanza," alijibu Laban.

Mutindi alitoa simu. "Naweza kuwaonyesha."

"Simu inaweza kuandikwa na mtu yeyote," alisema mzee mmoja wa upande wa asubuhi.

"Yeyote," alisema mmoja wa upande wa mchana.

Mutindi alitazama meza ile: vikombe, birika, wanaume waliokuwa wakikubaliana kwa mara ya kwanza kwa muda mrefu na ambao, ilionekana wazi, walikuwa wanalifurahia jambo hilo. Angeweza kuendelea kuwaambia ukweli. Alijua pia ukweli huo ungefika wapi: wangetoka humo bila kukubaliana hata kuhusu kosa lake, na kufuli zingerudi mahali pake. Alimfikiria mama yake na robo kikombe cha uji. Akairudisha simu mkobani.

"Mkisema nilikuwa nawasema nyinyi," alisema, "basi nilikuwa nawasema nyinyi."

Laban aliweka birika chini.

"Unakubali?" Laban aliuliza. Alionekana kushtuka kidogo, kama mtu aliyesukuma mlango uliokuwa wazi.

"Nakubali."

"Na Montenegro?"

"Haiko, mzee."

Kwa neno hilo watu laki sita na zaidi, Waorthodoksi wa pande zote mbili, Waislamu, Wakatoliki wa kando ya bahari na wale wasiopenda kuulizwa, waliondolewa duniani pamoja na milima yao. Hakuna aliyewalilia. Wazee wakavuta pumzi. Pasta alisema ni jambo jema mtu kukiri. Laban alisema kukiri ni nusu ya dawa. Wakakubaliana kwa sauti moja kwamba akae benchi la nyuma, asiseme mbele ya watu, asifike meza ya Bwana, mpaka kikao hicho hicho, cha pande zote, kikae tena na kumtoa.

"Una neno?" Pasta aliuliza.

"Niko na moja. Mama yangu hakuwasema. Alibeba mawe. Siku akienda, nataka kufuli zote zifunguliwe, ibada iwe moja, ndani, na nyote muwe hapo."

Pasta alimtazama Laban. Laban alimtazama Pasta. Atakayekataa kwanza ndiye atakayesemwa kwamba alimweka Bi Wanza barabarani, na kila mmoja alikuwa anangoja mwenzake akatae. Walingoja vizuri, mpaka chai ikapoa.

"Sisi upande wetu hatuna shida," Laban alisema.

"Sisi hatujawahi kuwa na shida," alisema Pasta.

Jioni Mutindi alimweleza mama yake. Bi Wanza alisikiliza, kisha akauliza, "Uliwapa nini?"

"Niliwapa kosa."

"Lako?"

"Hapana. Walikuja nalo."

Bi Wanza alimgeukia. "Kumbe wewe si mjinga vile baba yako alikuwa anasema," alisema, na hayo ndiyo yaliyokuwa maneno ya upole zaidi ambayo Mutindi aliwahi kusikia kutoka kwake. Akaomba chai badala ya uji. Hakuimaliza.

Alifariki kabla mvua za vuli hazijakatika. Kufuli zilifunguliwa zote mbili, saa ile ile, na watu wawili waliokuwa wanatazamana mikono. Jeneza liliingia ndani. Watu walijaa mpaka nje, kwa sababu hakuna upande uliotaka kuonekana umeleta wachache. Pasta Ndunda aliomba kwa urefu; Mzee Laban naye, asije akapitwa, aliomba kwa urefu zaidi, akiyapitia mawe karibu moja moja. Wimbo ulipoanza, waliimba wote pamoja, na kusema kweli uliimbwa vizuri.

Mutindi aliusikia kutoka benchi la nyuma. Alikuwa mfiwa mkuu, lakini adhabu ni adhabu, na wazee walikuwa wamemweleza kwa huruma kwamba wakiilegeza siku ya kwanza itakuwa si adhabu tena. Kutoka pale hakuliona jeneza, aliona migongo. Nyingi alizijua kwa mshono. Maundu alisogea akampa nafasi ya ukutani, ambapo mtu anaweza kuegemea.

Kwa kuwa yeye hakuruhusiwa kusema mbele ya watu, habari za maisha ya marehemu zilisomwa na Peris. Peris alisema Bi Wanza alikuwa mama mpole asiyewahi kumjibu mtu vibaya. Alisema alizaliwa Kinanie. Alizaliwa hapa hapa. Alisema alipenda watu wote. Mutindi aliinua mkono kidogo, akakumbuka, akaushusha. Walimzika mama huyo mwingine, mpole, wa Kinanie, na Mutindi alitupa udongo wake pamoja na watu wa mwisho.

Jumapili iliyofuata kufuli zilirudi. Asubuhi upande huu, mchana upande ule.

Hapo ndipo wazee walipogundua walichokifanya. Adhabu iliyotolewa na pande mbili haiwezi kuondolewa na upande mmoja, na kile kikao cha pande zote hakikukaa tena, wala hakuna dalili kwamba kitakaa. Pasta alimfuata Mutindi kibandani, akaketi kwenye kiti cha wateja.

"Njoo kwetu tu," alimwambia. "Simama mbele, useme sasa uko na sisi, mimi nitakutoa huko nyuma siku hiyo hiyo."

Mzee Laban alikuwa amemwambia maneno hayo hayo siku iliyotangulia.

"Huko nyuma si kubaya, Pasta," Mutindi alisema, pini zikiwa mdomoni. "Kuna hewa."

"Utakaa huko mpaka lini?"

Mutindi alizitoa pini mdomoni, akazichomeka kwenye kitambaa moja baada ya nyingine. Akina mama walikuwa wameanza kurudi na vitambaa vyao, wa asubuhi na wa mchana, kwa sababu fundi mwingine alikuwa mbali na alishona vibaya.

"Hii ni ya mke wako," alisema. "Mwambie aje nimpime tena. Amenenepa."

Pasta akaahidi kumwambia. Alikaa kidogo zaidi, akitazama barabara, kisha akaaga. Mutindi akakanyaga cherehani.